KHUTBA YA IJUMAA: JIRANI ALIYETOA VYOMBO VYAKE NJIANI

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), watu wa nyumba yake, Masahaba wake, na wote wanaowafuata kwa wema hadi siku ya Kiyama. Amma baad.

Ndugu Muislamu, dada Muislamu, nakuusia wewe na ninaiusia kwanza nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu. Karatasi hii ukiisha kuisoma usiifungie karanga. Mpe jirani yako, hata kama yeye hasali pamoja nasi, kwa sababu maneno ya leo yanamhusu yeye sawasawa na wewe.

Imepokewa kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), katika kitabu cha Abu Daud, kwamba mtu mmoja alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kumshitaki jirani yake aliyekuwa akimuudhi. Mtume akamwambia arudi nyumbani akasubiri. Yule mtu akaja tena, mara mbili au mara tatu. Hapo Mtume akamwamuru aende akatoe vyombo vyake vya nyumbani na kuvitupa njiani. Akafanya hivyo. Watu wakawa wanapita, wanamkuta na vyombo vyake nje, wanamuuliza kuna jambo gani, naye anawaeleza habari ya jirani yake. Kila aliyesikia akamlaani yule muovu. Mwisho yule jirani mwenyewe akaja kwake, akamuomba arudishe vyombo vyake ndani, akaahidi kwamba hataona tena kwake jambo la kumchukiza.

Tuiangalie hadithi hii polepole, maana wengi wetu tunaijua nusu yake tu. Tunajua pale palipoamriwa subira, basi tunafunga kitabu. Subira ilikuwa ya kwanza, ni kweli, lakini haikuwa ya mwisho. Mtume hakumwambia yule mtu asubiri mpaka afe. Hakumwambia pia achukue fimbo, wala arushe jiwe juu ya paa la jirani, wala amtukane usiku akiwa amejificha nyuma ya ukuta. Alimwambia atoe jambo nje, lionekane mchana, mbele ya watu wote. Uovu ule ulikuwa unaishi kwa sababu ulikuwa umefichwa kati ya kuta mbili.

Na Mwenyezi Mungu, katika Suratun Nisaa aya ya 148, ametufundisha kwamba hapendi maneno mabaya yatangazwe hadharani, isipokuwa kwa yule aliyedhulumiwa. Aliyedhulumiwa ana ruhusa ya kusema. Kwa hiyo usiambiwe kwamba kusema ni kukosa imani.

Lakini kuna jambo jingine katika hadithi hii, na hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu wiki hii. Vyombo vile vilivyotupwa njiani visingefaa kitu kama watu wasingesimama. Fikiri, kama kila mpita njia angeangalia pembeni na kusema moyoni, haya ni mambo ya nyumba ya mtu, mimi naenda sokoni! Mvua ingenyeshea vyombo, mtu angeviokota jioni na kuvirudisha ndani vimelowa, na jirani yake angecheka. Aliyeondoa dhuluma ile, baada ya Mwenyezi Mungu na amri ya Mtume wake, ni wapita njia ambao majina yao hatuyajui. Walisimama wakauliza kuna nini.

Sasa tuje kambini kwetu.

Wewe unayekaa hapa unazijua nyumba hizi bila mimi kukueleza, lakini nieleze kwa ajili ya vijana. Nyumba hizi za milango minne minne zilijengwa na kampuni kwa ajili ya wafanyakazi wake, wakati wa babu zetu. Kampuni ilikuwa na watu wake wa matengenezo. Kulikuwa na fundi wa mabati, fundi wa bomba, watu wa kuzibua mitaro kabla ya mvua, na gari la kunyonya vyoo. Chokaa ilipakwa. Wazee wanasema kulikuwa hata na mtu wa kupita kukagua kama sahani zimeoshwa, na hilo mimi sililii, kwa maana lilikuwa jambo la kikoloni. Lakini mtaro ulikuwa unazibuliwa.

Leo hayupo fundi wala gari. Mabati yametoboka, mtu analala na sufuria tatu kitandani za kukinga mvua. Bomba la bloki ya chini linavuja chini ya ardhi, limelainisha msingi, na ukuta umepasuka ufa wa kuingiza mkono. Nyaya za umeme zimeshikwa kwa vipande vya nailoni. Mashimo ya vyoo yamejaa, na mengine vifuniko vyake vimekatika. Pamoja na hayo kodi inaendelea. Walio na mshahara wanakatwa, wasio na mshahara wanalipa dirishani na kupewa risiti. Risiti zipo nyumba nzima. Matengenezo hayapo.

Na wote tunakumbuka msimu wa mvua uliopita, mtoto wa miaka minne alipokanyaga kifuniko cha choo kilichooza na kutumbukia. Aliyeshuka kumtoa ni jirani Mprotestanti, mwimbaji wa kwaya, ambaye alikuwa amevaa nguo zake za kwenda kanisani. Hakuuliza mtoto ni wa dini gani. Alhamdulillah, mtoto yuko hai, na ukija msikitini saa za chuo utamkuta anasoma alif na ba. Tulizungumza habari ile siku tatu. Siku ya nne tukanyamaza. Kifuniko kile kiliwekewa ubao, na ubao ule sasa unaoza.

Hilo ndilo la kutuogopesha, ndugu yangu. Kifuniko kuoza ni kazi ya miaka na mvua, lakini kunyamaza siku ya nne ni kazi yetu wenyewe.

Usifikiri haya ni mambo ya maskini wa Afrika peke yao. Nikusimulie habari ya jengo moja la London, nchi ya Uingereza, kwa jina Grenfell Tower. Lilikuwa na ghorofa 24, lilimalizika kujengwa mwaka 1974, na lilikuwa mali ya halmashauri ya mtaa wa Kensington na Chelsea, ambao ni mmoja wa mitaa yenye utajiri mkubwa katika nchi ile. Waliokaa katika jengo lile walikuwa watu wa kazi za kawaida, wengi wao wageni, na Waislamu wengi miongoni mwao, kutoka Moroko, Somalia, Ethiopia, Sudan, Siria na kwingineko. Mwaka 2010 baadhi ya wakazi waliunda kikundi cha kutetea makazi yao. Mwaka 2013 umeme ulikuwa unapanda na kushuka ovyo mpaka vyombo vya watu vikaungua, nao wakalalamika. Waliandika juu ya usalama wa moto, na juu ya njia ya magari ya zimamoto. Halafu jengo likafanyiwa matengenezo makubwa yaliyokwisha mwaka 2016. Kwa nje likavalishwa mabamba ya alumini, likapendeza, lakini ndani ya mabamba yale kulikuwa na plastiki inayoshika moto. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule 2016 kikundi kile kiliandika waziwazi kwamba wasimamizi hawatasikia mpaka watu wengi wafe.

Tarehe 14 Juni 2017, kabla kidogo ya saa saba ya usiku, friji iliwaka moto jikoni katika ghorofa ya nne. Moto ukatoka dirishani, ukashika mabamba yale, ukapanda mpaka juu. Walikufa watu 72. Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 1438 Hijria. Waislamu wengi walikuwa macho, wengine wametoka katika swala ya tarawehe na wengine wanangoja daku, na kati yao wako waliokimbia wakigonga milango ya majirani waliolala. Msikiti wa karibu ulifungua milango yake ukapokea walionusurika, wa dini zote.

Serikali ya kule ikaunda tume ya uchunguzi chini ya jaji mstaafu. Taarifa yake ya mwisho ilitoka mwezi wa Septemba 2024, ikasema kwamba vifo vile vyote vingeweza kuepukwa. Ikaeleza uongo wa wauzaji wa vifaa, na uzembe wa wakubwa wa miaka mingi. Ikaeleza pia kwamba wasimamizi wa jengo walikuwa wanawaona wakazi wanaolalamika kuwa watu wa fujo.

Utaniuliza: basi, Shehe, umoja wao uliwafaa nini? Walijikusanya, waliandika, na bado waliungua. Ni swali la haki na sitalikimbia. Sikuambii kwamba ukiandika barua moja ukuta utajitengeneza. Vyombo vya watu wale vilikuwa njiani kwa miaka saba. Walitoa jambo nje kama yule mtu wa Madina. Lililokosekana ni wapita njia. Mji mzima wa matajiri ulipita pale kila siku na haukusimama kuuliza kuna nini. Ulisimama baada ya mazishi, na hapo ndipo sheria mpya za usalama wa majengo zilipopitishwa, mwaka 2021 na 2022. Na ushahidi ulipotafutwa, barua za wale wakazi zilikuwepo, na tarehe zake. Hakuna aliyeweza kusema, hatukuambiwa. Kwa miaka mingi, kila tarehe 14 ya mwezi, walionusurika na majirani zao walitembea kimya barabarani, wasije watu wakasahau. Wao siku ya nne hawakunyamaza.

Rudi sasa uangalie bloki yako. Bloki ya chini imelalamika tangu bomba lilipopasuka. Wewe wa bloki ya juu ulisema nini? Ulisema, kwetu ni kukavu.

Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Nuuman bin Bashir na kuandikwa na Bukhari, alitupigia mfano wa watu waliopanda jahazi wakagawana nafasi kwa kura, wengine juu na wengine chini. Wa chini walipotaka maji walikuwa wanapita kwa wa juu, wakaona wanawasumbua, wakawaza kutoboa tundu katika sehemu yao wenyewe. Wa juu wakiwaachia, wote wataangamia. Wakiwashika mikono, wote wataokoka. Sisi watu wa Lualaba hatuhitaji kufafanuliwa mfano huu. Tumeona mitumbwi. Hakuna mtumbwi unaozama upande mmoja.

Sasa angalia, ndugu yangu, katika mfano ule waliotaka kutoboa hawakuwa watu waovu. Walikuwa na kiu, na walikuwa wamechoka kuwasumbua wengine. Kijana wa kwetu anayejiunganishia waya usiku hana nia ya kuunguza kambi, anataka mtoto wake asome. Mama anayemwaga takataka mtaroni hana nia ya kuziba maji, ila hajaonyeshwa pa kumwaga. Tukianza kwa kuwatukana hao tumekwisha kugawanyika kabla ya kufika kwenye dirisha la kampuni, na wale wa dirishani watafurahi. Tutawashika mikono kwa upole, na tutawaonyesha mahali.

Na kwa kuwa nimetaja makosa, nianze na letu. Maji ya kutawadhia ya msikiti huu, maji tunayojitwaharishia kwa ajili ya Mola wetu, yanatoka kwa bomba fupi nyuma ya ukuta na kuteremka mpaka mlangoni kwa majirani wawili. Mmoja wao ni mjane, Mkatoliki. Ameweka mawe ya kukanyagia apate kutoka nyumbani kwake. Hajawahi kutushitaki. Nilipomtembelea Jumatatu nikamuuliza kwa nini, alinijibu kwamba aliona aibu kugombana na nyumba ya Mungu. Nilirudi nimeinamisha kichwa. Sisi tunasimulia mimbarini kwamba Jibrili aliendelea kumuusia Mtume juu ya jirani mpaka Mtume akadhani jirani atapewa fungu la urithi, na kumbe fungu tulilompa mama yule ni tope. Kamati ya msikiti imekwisha kuamua. Kesho Jumamosi, baada ya swala ya Alfajiri, tunachimba shimo la kupokea maji yale, na anayeweza aje na jembe au chepeu. Hatuwezi kwenda kwa mwenye nyumba zetu kudai mtaro wakati wetu unamwagikia mjane.

Wako wanaosema haya yote ni kadari, kilichoandikwa kimeandikwa. Ni kweli tunaamini kadari. Lakini Umar bin Khattab (r.a.), alipokuwa njiani kwenda Sham na kusikia kwamba kuna tauni, aliamua kurudi. Abu Ubayda akamuuliza kama anakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akajibu kwamba ndiyo, anakimbia kutoka kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kadari ya Mwenyezi Mungu, akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia katika bonde lenye upande wa majani na upande mkavu. Ukiwalisha kwenye majani ni kadari, ukiwalisha kwenye ukame ni kadari, lakini utaulizwa kwa nini uliwapeleka ukameni. Kifuniko kipya ni kadari pia.

Wako pia wanaoogopa. Huyu simlaumu. Mtu ana watoto saba, amekaa katika nyumba ile miaka ishirini, anawaza: nikitia sahihi, kesho nitatolewa nje. Kwa huyu ninataka aijue sheria ya nchi yake. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 27, inampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mkuu wa Serikali, awe peke yake au pamoja na wenzake, na mkuu huyo anapaswa kujibu katika muda wa miezi mitatu. Kifungu hicho hicho kinakataza mtu kushitakiwa kwa sababu ya kuleta ombi kama hilo. Kifungu cha 48 kinataja haki ya makao yanayofaa, na ya kupata maji ya kunywa na umeme. Na sheria ya mikataba, ambayo ni ya zamani sana, ya tarehe 30 Julai 1888, inamlazimisha anayepangisha nyumba kuitunza ibaki katika hali ya kukalika. Tangu wakati wa Leopold! Najua utacheka. Utasema, Leta yetu na karatasi zake. Mimi pia nimecheka mara nyingi. Lakini sheria isiyodaiwa ni kama jembe lililofungiwa ghalani, halilimi, na jembe halina kosa.

Ndiyo maana ninasema usiende peke yako. Jina moja chini ya barua ni rahisi kulitafuta na kulitisha. Majina ya milango yote, Waislamu na Wakristo, waume na wake, yatamchosha mwenye kutafuta. Kabla ya kupewa utume, Mtume wetu alishiriki katika mapatano ya Makka yaliyoitwa Hilful Fudhul, yaliyofanyika nyumbani kwa Abdallah bin Judan. Mfanyabiashara mgeni kutoka Yemen alikuwa amenyimwa malipo ya mali yake, na watu wa koo kadhaa wakaapa kusimama pamoja na kila anayedhulumiwa mjini mpaka apate haki yake. Hawakuwa Waislamu wale. Hata hivyo, baada ya kuwa Mtume, alisema kwamba hata kama angeitwa katika mapatano kama yale wakati wa Uislamu, angeitikia. Basi wewe usiseme, sitakaa kikao kimoja na watu wa kanisa. Mtume wako angekaa.

Ziko pia habari za pesa. Hapa ninajua mnaguna, na mna haki ya kuguna. Umoja wa kambi ulikuwepo, ulichangisha franka kwa kila mlango, ukafa, na pesa haikuelezwa mpaka leo. Kwa hiyo wengi wameapa hawatatoa tena hata franka moja. Mimi sitamtetea mtu. Ninakumbuka tu yule mtumishi, Ibnul Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya sadaka, akarudi akisema hii ni yenu na hii nimepewa zawadi mimi. Mtume hakuacha kukusanya sadaka kwa sababu ya mtu mmoja. Alisimama mimbarini akalisema jambo lile mbele ya watu wote, akauliza kama mtu huyo angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, zawadi ile ingemfuata? Dawa ya hesabu iliyofichwa ni hesabu inayosomwa. Safari hii hatuchangishi kwanza. Karatasi na kalamu zimetolewa na watu wawili, mmoja wa msikiti na mmoja wa parokia. Ikifika siku ya kuchangisha, hesabu itabandikwa ukutani, na mwenye kushika pesa hatakuwa mwenye kuandika.

Niseme pia neno juu ya Salongo. Ni kazi nzuri. Suratul Maida aya ya 2 inatuamrisha tusaidiane katika wema na uchamungu, na Mtume amehesabu kuondoa cha kudhuru njiani kuwa ni tawi la imani. Kwa hiyo mtaro wa katikati tutauzibua wenyewe, kabla ya mvua kubwa, maana mvua haingojei jibu la barua. Lakini Salongo isigeuzwe kuwa kisingizio cha mwenye wajibu. Wakubwa wengine wakiona wananchi wameshika chepeu wanapiga picha, wanasifu, wanaenda zao. Kuzibua mtaro kunatuwezekea. Kubadilisha bomba lililo chini ya msingi, nyaya, mashimo ya vyoo na mabati ya kambi nzima hakutuwezekei, na ndiko tulikolipia. Mwenye kupokea kodi abebe mzigo wake.

Basi kazi ni hii. Wiki hii vijana wanne, wawili wetu na wawili wa makanisa, watapita mlango kwa mlango na daftari. Wakifika kwako usiseme baba hayupo. Kwa kweli ninapenda zaidi wamkute mama, maana anayejua bomba linatoka saa ngapi, na ukuta gani unalia usiku, ni mama. Waonyeshe kila kitu: ufa, tundu, waya, choo. Onyesha risiti zako, waandike tarehe zake, lakini usiwape, zibaki kwako. Kama nyumbani kwako hakuna kasoro, waandike hivyo hivyo, halafu utie jina lako chini ya kasoro ya jirani. Hapo ndipo utakuwa yule mpita njia aliyesimama.

Barua zitakuwa mbili. Moja ya kampuni, yenye orodha ya bloki kwa bloki, vyoo vikiwa vya kwanza kwa sababu ya watoto. Nyingine ni ombi la pamoja kwa mkuu wa komini, na shefu wa kartie atapewa nakala. Hatutaziacha mikononi mwa mlinzi. Kila moja itapelekwa na watu kumi, na hawatatoka mpaka nakala yetu ipigwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Kuanzia tarehe hiyo tutahesabu miezi mitatu, na kila Ijumaa karatasi hii itaandika siku zilizobaki. Hakuna kutukana, hakuna kufunga njia, hakuna kurusha jiwe. Atakayetukana tutamtoa katika msafara, hata akiwa mtoto wa Imamu.

Kikao ni Jumapili hii saa tisa ya alasiri, ili wenzetu wawe wamekwisha kutoka makanisani, nasi tutasali Alasiri hapo hapo wakati wake ukiingia. Hatutakaa msikitini. Tutakaa chini ya mwembe wa bloki ya tatu, ambapo kila mtu anaweza kufika bila kuvua viatu wala kuona haya. Njoo na kiti chako. Mwenye mgonjwa au mzee asiyeweza kutembea, atuambie leo, tutapita kuchukua maneno yake nyumbani.

Ewe Mola wetu, tupe vifua vyepesi kwa majirani zetu. Walinde watoto wetu na mashimo, moto na kuta. Walainishe nyoyo wale walioshika funguo za kazi hii, na utusamehe maji tuliyommwagia mjane wako bila kujali. Amina.

Anayekuja kesho kuchimba, asisahau: tunaanza upande wa mlango wa mama yule, kabla jua halijawa kali.